Sikio Kwenye Shuka

Nembo ya kumi na saba ilitoka na kidole.

Kumi na sita za kwanza zilikuwa sawasawa: ngao ya bluu, kitabu cheupe katikati, jina la shule likizunguka kwa chini. Ya kumi na saba ilikuwa na ngao nusu, na pale ambapo kitabu kingekaa palikuwa na kidole kidogo cha mkono, kimedariziwa kwa uzi wa rangi ya ngozi, mikunjo ya viungo ikionekana, na ukucha mwembamba juu yake. Kazi ilikuwa safi mno. Lakini mashine ilikuwa imefungwa nyuzi mbili tu, ya bluu na nyeupe.

"Nani kaweka uzi huu?" aliuliza dada mkubwa.

"Sijaweka kitu," mdogo wake akajibu. "Umeme ulikatika. Uliporudi, mashine ikauliza kama iendelee pale ilipoishia. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kupiga pasi."

"Basi umebonyeza kingine."

Dada mkubwa wateja walimwita Mkasi, kwa namna alivyokata kitambaa bila kuchora mstari na alivyokata maneno bila kumtazama mtu usoni. Mdogo wake walimwita Pamba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Waliishi kwenye nyumba waliyoachiwa na baba yao. Chumba cha mbele kilikuwa cha ushonaji, vya nyuma vya kulala na kupikia. Mume wa Pamba aliendesha lori la masafa marefu na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akiwa na vumbi na zawadi zisizolingana na mtu yeyote. Pamba alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka kabla ya kufika hapo, kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo mimba haikutajwa sana. Mkasi alimnyang'anya tu ndoo za maji mkononi na kumwambia aketi, kwa sauti ya mtu anayegombana.

Mashine ya kudarizi ilikuwa na wiki tatu pale. Ilikuwa ya kompyuta, yenye kioo kidogo cha kubonyeza, na Mkasi aliinunua kwa fundi mwenzake wa upande wa pili wa mji, mama mtu mzima aliyekuwa anafunga kazi. Mama yule hakukubali kuiwasha ili waione. Asingeweza hata hivyo, kwani waya wake wa umeme ulikuwa umekatwa karibu kabisa na mashine, mkato mmoja ulionyooka. Mkasi alidhani ni mambo ya wajukuu watundu. Akanunua waya mpya, fundi umeme wa jirani akaufunga, na mashine ikawaka mara ya kwanza tu ilipoguswa.

Siku ile ya nembo, Mkasi alikikata kile kidole kwenye kitambaa, akakitupa kwenye jiko la mkaa kule nyuma. Kiliungua kwa harufu ya nywele. Alishangaa, maana uzi wa kudarizi haunuki hivyo ukiungua, lakini alikuwa na nembo sabini na tatu za kumaliza na hakuwa na nafasi ya kushangaa kwa muda mrefu.

Saa tisa mchana aliona damu kwenye meza ya kukatia. Pamba alikuwa anabana upindo wa shati kwa pini, akiimba chini kwa chini, na pini moja ilikuwa imezama yote kwenye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto.

"Wewe, kidole chako."

Pamba alitazama. Akaichomoa pini polepole kama anaichomoa kwenye mto. "Sikuhisi," alisema.

"Mtu anajichoma namna hiyo asihisi? Acha kulala kazini."

Pamba alikibonyeza kidole kwa mkono mwingine, akakikunja, akakikunjua, kisha akaendelea na upindo.

Siku tatu baadaye walikuwa na kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, kila shuka likitakiwa herufi mbili pembeni. Umeme ulikatika mara mbili kabla ya saa sita. Mara ya pili uliporudi, Mkasi mwenyewe ndiye aliyebonyeza ndiyo, akiwa na pini mdomoni. Akageuka kupokea mteja. Alimpima mteja yule mabega na kiuno, akaandika vipimo, akamsindikiza mpaka mlangoni, na muda wote huo nyuma yake sindano ilikuwa inalia tak-tak-tak bila kupumzika, kwa muda mrefu kuliko herufi mbili zinavyohitaji.

Aliporudi alikuta sikio.

Lilikuwa sikio zima, la ukubwa wa sikio la mtu, limelala pembeni ya shuka jeupe. Nyuzi zilikuwa zimepandishwa na kushushwa mpaka mikunjo yake ilikuwa na vivuli. Mkasi aliinama kulitazama. Kwenye ncha ya chini, pale pa kuvalia hereni, palikuwa na tundu lililochanika hadi ukingoni, na kovu dogo limeunganisha nyama juu yake.

Alilijua kovu hilo. Yeye ndiye aliyeivuta hereni ile, Pamba akiwa na miaka sita na yeye tisa, wakigombea nafasi kitandani.

"Pamba," aliita.

Pamba alikuwa hatua tatu kutoka pale, amempa upande wa kushoto, anakunja mashuka yaliyokwisha.

"Pamba, nakuita."

Akakunja jingine. Mkasi, kwa sababu alikuwa ameogopa na hakuzoea kuogopa, alikasirika. Alimfuata akamshika bega na kumgeuza. "Umeanza kuninunia?"

"Hapana, dada." Pamba aliongea kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayehofia kuamsha mgonjwa. "Upande huu sisikii. Tangu ile saa mashine ilipoanza. Nilidhani maji yameingia."

Mkasi alilikunja shuka lile sikio likiwa ndani, akaliweka juu ya kabati. Kisha akachomoa waya wa mashine ukutani, akaenda kumtafuta fundi wa kompyuta.

Fundi huyo alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na redio barabara ya tatu kutoka pale, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja asubuhi iliyofuata, akaifungua mashine kwa nyuma, akaanza kuwaonyesha vitu vyake vya ndani kama mwenye nyumba anayetembeza wageni. Mwishoni akaweka ncha ya bisibisi juu ya kidude cheusi kidogo kuliko ukucha, chenye miguu myembamba pande mbili.

"Hii ndiyo kumbukumbu yake. Mashine hizi zina kumbukumbu mbili, dada. Moja ni kama ubao wa darasani, umeme ukikatika unafutwa wote. Hii nyingine haina haja na umeme. Ukiandika kitu humu leo, ukaitia kabatini miaka kumi, siku ukiiwasha utakikuta vilevile kinakusubiri. Ndiyo maana inajua ilipoishia. Mwenye mashine wa kwanza ameacha michoro yake humu, basi."

"Ifute."

"Dakika moja tu."

Aliiwasha, akabonyeza hapa na pale, na kioo kikaandika kwamba hakuna mchoro wowote. Aliwaonyesha. Akachomoa waya ukutani, akauzungushia kiganjani na kusema, "Haya, mmepona."

Sindano ilishuka mara moja. Tak.

"Umeme uliobaki ndani," alisema fundi. "Huwa inakuwa hivyo."

Sindano ikashuka tena, na tena. Fundi aliutazama waya aliokuwa ameushika, akaitazama mashine, na tabasamu likamwisha usoni kidogo kidogo, kwa sababu umeme unaobaki ndani unatosha pumzi moja au mbili, na sindano sasa ilikuwa inakwenda kama katikati ya siku ya kazi, kwenye kipande cha kitambaa kilichosahaulika ndani ya fremu, huku kioo kikiwa cheusi na taa zote zimezimika na chumba kikianza kunuka chuma kilicholoana. Hakuna aliyeisogelea. Ilishona mstari mmoja tu uliopinda, ukazunguka, ukarudi karibu na ulipoanzia: kichwa kikubwa, mgongo uliokunjamana, miguu imevutwa tumboni. Kisha ikasimama.

Pamba aliweka mikono yote miwili tumboni. Wiki iliyopita tu alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali na kuonyeshwa mstari huo huo kwenye kioo cha mkunga.

"Itoe hiyo kumbukumbu," alisema Mkasi. "Itoe tuivunje."

Fundi alikuwa anatokwa na jasho, lakini hakutaka kuonekana mwoga mbele ya wanawake wawili. Alipasha moto chuma chake cha kulehemu na kugusa mguu wa kwanza wa kile kidude cheusi. Pamba akapiga ukelele na kujishika kichwa. Walipomwondoa mkono, ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imefura lengelenge, na lengelenge lilikuwa bado linapanda.

Fundi alizima chuma. Kwa muda alikaa ameinama, anapanga bisibisi zake kwa ukubwa, akazivuruga, akazipanga tena.

"Mkiiunguza hii, mtakuwa mnamuunguza yeye," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Sikilizeni. Kitu kama hiki hakitoki kwa kuzimiwa umeme, na tumeona hakifutiki kwa kuambiwa futika. Kinatoka ukiandika kingine juu yake, na kingine, mpaka pasibaki nafasi. Hilo naliweza. Nina michoro ya kujaza mashine kumi. Lakini aliyemo humo hatakaa kimya nikimwandikia juu yake. Tafuteni mtu wa kumshika."

"Mtu gani?"

"Dada, usinifanye niseme."

Mkasi alikwenda peke yake kwa yule mama aliyemuuzia mashine. Nyumba ilikuwa na maduka mawili yaliyofungwa mbele na mlango wa pembeni. Alibisha mpaka viganja vikamuuma. Mlango ulifunguka upana wa uso, na mnyororo haukutolewa.

"Shikamoo, mama."

"Ukishanunua umenunua," mama yule alisema. "Sirudishi."

"Sijaja kurudisha. Nataka kujua kuna nini ndani yake."

"Kwani uliiwasha?" Mama alimkazia macho. "Mimi nilikata waya kwa mikono yangu. Kwa nini uliiwasha?"

"Mama, ni mashine. Watu huwasha mashine."

Mama alitaka kufunga. Mkasi aliingiza mguu mlangoni, mlango ukambana, na hakuutoa. Walisimama hivyo, mmoja akisukuma na mwingine akivumilia, mpaka mama akachoka, na alipochoka akaanza kuongea kwa kunong'ona, kama vile kuna mtu ndani ambaye hakutakiwa kusikia.

Alisema binti yake alikuwa na jini. Lilimpanda tangu utoto. Akamleta mganga mmoja, mzee wa kuaminika, na mganga akalifukuza kweli, mchana kweupe, ndani ya chumba cha kushonea, mashine ikiwa inafanya kazi pembeni. Binti akawa mzima kwa miezi miwili. "Lakini alilifukuza tu, hakulifunga. Lilitafuta pa kuingia, likaingia kwenye kitu cha karibu kinachojua kuweka vitu. Linataka mwili. Lilinyang'anywa ule wa kwanza, sasa linajishonea mwingine, kipande kwa kipande, na kila kipande linakitoa kwenye mwili wa mtu."

"Ilikuwaje likanyamaza?"

Mama alisogea kidogo. Kupitia ule uwazi Mkasi aliona chumba chenye dirisha, na kando ya dirisha mwanamke kijana ameketi kitini, nywele zimechanwa vizuri, mikono imewekwa mapajani. Inzi alikuwa anatembea juu ya jicho lake lililo wazi. Hakupepesa.

"Lilinyamaza lilipommaliza," alisema mama. "Nikachoma kila lilichoshona. Nikakata waya. Nikadhani ndio mwisho."

"Na ukaniuzia mimi."

"Nilichoka kulala nalo nyumba moja." Aliitazama miguu ya Mkasi. "Toa mguu wako."

Mkasi hakuutoa mpaka alipotajiwa anakoishi yule mganga.

Mganga alikuwa mzee mfupi wa miaka sabini na kitu, anayeishi na mwanawe juu ya duka la viatu. Aliposikia habari ya yule binti wa kwenye kiti alifunika uso kwa mikono. Hakuwa ameambiwa. Alidhani kwa miaka yote hiyo kwamba ile ilikuwa moja ya kazi zake nzuri.

"Vitu lilivyoshona viko wapi?" aliuliza.

"Sikio liko kabatini. Mtoto kaanza, ni mstari tu. Kidole... nilikichoma."

"Ulichokichoma hakirudi, mwanangu. Kingine kinarudi, ila kwa kufumuliwa, uzi kwa uzi, na mtu aliye damu moja naye, na kabla lenyewe halijatolewa. Likitoka likiwa na kitu, limekwenda nacho."

Akamweleza namna ya kufanya. Likiwa limetulia limo ndani ya kumbukumbu na hakuna anayeweza kulishika. Likishona, linapanda kwenye uzi. Hapo ndipo fundi aandike nyuma yake haraka haraka, ili likitaka kurudi likute pamejaa. Naye mganga angelisubiri na chupa. Tatizo lilikuwa moja: ili lishone lazima lipewe kitambaa, na walijua wote litashona nini.

Wakakubaliana asubuhi ya kesho yake. Mkasi alikesha akifumua lile sikio kwa wembe, na kulipopambazuka shuka lilibaki jeupe lenye vitundu, na Pamba, kutoka chumba cha pili, akasema kwamba anasikia maji yanachuruzika bombani na tafadhali mtu akafunge.

Saa tatu walikuwa wote chumba cha mbele. Madirisha yalikuwa wazi na barabarani watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Fundi aliketi nyuma ya mashine, flash zake nne zenye michoro zimepangwa mezani, waya umechomekwa. Mganga aliketi sakafuni na chupa ya kawaida ya dawa ya kikohozi, imeoshwa, kizibo mkononi. Pamba aliwekwa kwenye kiti cha wateja, mgongo ukutani. Mkasi alikaza ndani ya fremu kile kitambaa chenye mstari, akashika wembe, akasimama mbele ya sindano.

"Usiiguse mpaka ianze," alisema mganga.

"Na ikianza?"

"Ufumue kama unavyofumua siku zote. Usilitazame kama mtoto. Litazame kama kazi iliyokosewa."

Fundi aliiwasha. Kioo kiliuliza kama iendelee pale ilipoishia, na kabla hajainua mkono, jibu likabonyezwa lenyewe.

Ilianza taratibu. Uzi wa rangi ya ngozi ulipanda kutoka chini ambako hakuna aliyefunga uzi, na mstari ukaanza kujaa nyama, mgongo kwanza, na Mkasi aliukata uzi wa kwanza na kuuvuta, na wa pili, na wa tatu, na kwa muda alikwenda sawa na sindano, mtu na mashine mkabala, mmoja akishona na mwingine akifumua, huku mganga akisoma maneno yake bila kuinua sauti na fundi akinong'ona hesabu yake, thelathini kwa mia, thelathini na tano. Kisha mashine ikaongeza mwendo. Mkasi alikuwa hajawahi kuona sindano ikienda namna ile, ilikuwa imekuwa kama moshi tu pale ilipotakiwa kuwa chuma, na harufu ya chuma kilicholoana ikajaa chumbani mpaka ulimi ukaipata, na mikono midogo ikatokea kitambaani kabla yeye hajamaliza mgongo, na magoti, na alipokata nyuzi za goti moja kichwa kilikuwa kimeanza kupata nyusi.

"Dada," alisema Pamba. "Ameacha kucheza."

"Nyamaza."

"Tangu asubuhi alikuwa anacheza. Ameacha."

"Fundi, umefika wapi?"

"Sitini. Linanirudisha nyuma. Naandika, linatoa."

Mkasi aliutazama mdomo wa yule mtoto ukianza kuchorwa, mshono wa kwanza, wa pili, na akaelewa kwamba kwa wembe hatawahi. Aliutupa. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kitambaa, kiganja chini, pale pale sindano ilipokuwa inashukia.

Haikusita. Ilimpita kidole cha shahada, ikampita kiganja, ikaenda na kurudi ikimshonea kwenye kitambaa kwa uzi ule ule, na Mkasi hakupiga kelele kwa sababu meno yake yalikuwa yameuma kola ya gauni lake. Lakini sindano inayopita kwenye mfupa haiendi kama inayopita kwenye pamba. Mwendo ulipungua. Kwa mkono wa kulia akaanza kufumua, kwa kucha, bila wembe, akivuta nyusi, akivuta goti, akivuta kile kimkono kilichokunja ngumi, huku damu yake ikifanya nyuzi ziteleze na yeye akizizungusha kidoleni ili zisimponyoke.

"Themanini," alisema fundi. "Tisini. Shikilia hapo hapo, dada yangu."

Mkasi alivuta uzi wa mwisho. Kitambaa kilibaki na mkono wake tu.

"Imejaa," alisema fundi.

Sindano ilisimama katikati ya safari, juu kidogo ya ngozi. Kitu kikapita chumbani, hakikuonekana, ila nembo zilizokuwa mezani zilipeperuka zote upande mmoja na kila mtu akahisi masikio yamezibika. Mganga aliinua chupa. Alisema neno moja, akapiga kizibo kwa kiganja, na chupa ikapata ukungu kwa ndani.

Pamba alianza kulia.

"Anacheza," alisema. "Dada, njoo ushike. Anacheza."

Mkasi hakuweza kwenda. Ilibidi fundi amkate kwenye fremu kwa mkasi, uzi mmoja mmoja, akigeuza uso.

Mganga aliondoka na chupa yake, na kile kidude cheusi fundi alikitoa na kukisaga kwa nyundo mpaka kikawa unga, na Pamba hakuungua popote. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Kidole kidogo cha mama yake hakikurudi. Kilikauka taratibu, wakakikata hospitali, na Pamba alizoea.

Mkono wa Mkasi ulipona na alama ishirini na mbili. Daktari alisema mishipa haijaguswa. Aliweza kushika kikombe, kufunga kifungo. Lakini mara ya kwanza alipomwinua mtoto, siku ya nane, alihisi kidole chake cha shahada kikisogea bila yeye kukisogeza. Kilitembea nyuma ya sikio la mtoto, kikashuka mpaka kwenye ncha, kikapanda tena, polepole, kama kidole cha fundi wa nguo anayepima ukingo kabla ya kukata. Harufu ya chuma kilicholoana ilimpanda puani. Alimrudisha mtoto kwa mama yake.

"Mshike basi kidogo, nikaoge," alisema Pamba.

"Nina mafua."

Alikuwa na mafua siku nyingi. Pamba alidhani ni wivu, kisha akadhani ni uchungu wa mkono, na siku moja alimwambia usoni kwamba mtoto hana kosa. Wiki ile ile Mkasi alikwenda kwa mganga akaweka mkono wake mezani. Mzee aliutazama bila kuugusa. Akaenda kabatini, akaileta ile chupa, wakaiangalia wote wawili kwenye mwanga wa dirisha. Ukungu ule ulikuwa umekauka. Ndani hamkuwa na kitu.

"Chupa haikulishika, na nikilifukuza litakwenda kwa aliye karibu," alisema mganga.

"Najua."

"Unaweza kukaa nalo?"

"Likiwa mbali na mtoto, linatulia."

Mkasi aliondoka na sanduku moja. Alimwambia Pamba amepata kazi mji mwingine, na ilikuwa kweli: anauza tiketi kituo cha mabasi, anakaa chumba kimoja, hagusi sindano. Pamba alilia, akakasirika, akaacha kulia. Amebaki na nyumba na wateja, na anawaambia watu dada yake alikuwa na moyo mgumu tangu utotoni.

Anapiga simu kila Jumapili hata hivyo. Mtoto ana miaka mitatu sasa na anapenda kuongea mwenyewe. Mkasi huweka simu mezani, sauti imefunguliwa, na mkono wa kushoto huulaza pembeni, umefungwa kitambaa mara mbili, juu yake ameweka pasi nzito ya mkaa.

"Shikamoo, mama mkubwa," husema mtoto. "Unakuja lini?"

"Marahaba, mwanangu. Siku moja."

"Siku gani?"

Na chini ya pasi, kila Jumapili, vidole vinaanza kutembea, na Mkasi huomba udhuru na kukata simu.